Suruali ya Petero

Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kiume, yenye bomba la juu linalonyooka kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Bomba hilo ndilo lililougawa mji wa Gisenyi pande mbili mwezi wa Agosti mwaka 1956. Upande mmoja alikuwa dada yangu Béata. Upande wa pili walikuwa watu wengine wote, pamoja na baba yetu.

Mimi sikuwa upande wowote. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka bweni la masista, na mwanafunzi wa bweni hufundishwa kuyatazama mambo ya dunia kwa utulivu. Niliyatazama kwa utulivu siku nne nzima.

Habari ilikuwa hivi. Béata alikuwa na miaka ishirini na moja na alikuwa amesomea kazi ya kuzalisha. Dispensari ya misheni ilimtuma milimani kuwafuata wanawake ambao siku zao zimefika, naye alikwenda kwa miguu, na mkoba begani. Mwezi wa saba aliitwa Rugerero kwa mwanamke aitwaye Mukarugwiza. Alitembea nusu ya njia na nusu nyingine akakimbia. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufa, bado ana joto. Béata alirudi nyumbani, akakaa uani akiosha miguu yake mpaka maji yakaisha, na chakula hakukigusa. Hakusema neno juu ya siku ile. Lakini Padri Anselmi alipopewa baiskeli na wafadhili wa kwao, akasema ni ya dispensari, Béata alisema neno moja: "Nitaipanda."

Baba akasema maneno mengi. Alisema mwanamke hapandi paa, hapigi mluzi, haruki mtaro, na hakika hapanui miguu juu ya bomba la chuma mbele ya soko zima. Padri hakutaka ugomvi na wazazi. Akatoa muda mpaka Jumatatu. Kama fundi Habiyaremye, yaani baba yetu, hatakuwa ametoa ruhusa, baiskeli itakwenda kwa Mwalimu Gratien, mfundisha dini, aliyekuwa na vigango vitano, makanisa madogo ya vijijini, vya kutembelea na jozi moja ya viatu.

Mwalimu Gratien hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo mapema, kwa sababu baada ya hapa itakuwa vigumu kukumbuka.

Alhamisi alikuja barazani kwa Bi Saidati. Bi Saidati alikuwa na duka la vitambaa, na baba alishonea kwenye baraza yake, cherehani mbele na futi ya kupimia shingoni kama stola ya padri. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nikishikiza vifungo.

"Fundi," alisema Gratien, "mi sikatai, binti yako iko na moyo. Lakini moyo haikanyagi pedali."

"Na ndevu je," aliuliza Bi Saidati kutoka ndani, "zenyewe hukanyaga?"

"Bi Saidati, naongea na Fundi."

"Ongea naye. Baraza ni yangu, masikio pia yangu."

Gratien alivuta kigoda karibu na cherehani. "Jumapili mchana Padri anaonyesha sinema. Mi ndiye naeleza, kama kawaida. Iko vijana wa Ulaya, wanateremuka mulima na mbao mbili kwa miguu. Hakuna injini. Hakuna breki. Njoo ukae benchi ya mbele, utazame muzuri. Utaona mwili ya kazi kama ile iko namna gani. Kisha utaniambia kama Béata iko nayo."

Baba aliendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno.

"Nitakuja," alisema.

"Bon," alisema Gratien, na alipotoka alipitia dispensari, ambako baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, akaifinya tairi ya mbele kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi.

Sinema za misheni zilikuwa za zamani na nyingi hazikuwa na sauti. Badala ya sauti tulikuwa na Mwalimu Gratien. Alisimama pembeni mwa shuka jeupe, bomba la bati la kukuza sauti mdomoni, akatueleza kwa Kiswahili kila kitu kilichotokea, na mara nyingine vitu ambavyo havikutokea. Kila shujaa alimwita Petero. Tuliwahi kuona sinema ya ufugaji wa sungura, na sungura pia alikuwa Petero. Watu walimpenda kwa ajili hiyo. Bila Gratien, sinema ingekuwa Wazungu wanaofungua midomo kama samaki.

Kifaransa chake lakini kilikuwa cha sala, hakikufika mbali. Kwa hiyo maandishi yaliyotokea katikati ya picha yalitafsiriwa mapema na mtu mwingine, na wakati wa likizo mtu huyo alikuwa mimi.

Ijumaa nilikwenda kwa Padri Anselmi. Alikuwa mzee mwekundu, mpole, asiyesikia kwa sikio la kulia. Alinipa orodha ya maandishi, kalamu, na kipande cha filamu nikitazame dirishani kwenye mwanga. Nikaona mtu mdogo mweusi juu ya mlima mweupe, namba saba kifuani.

"Huyo ni dada yangu Marta," alisema Padri. "Filamu imeletwa na yeye. Anashindana na wanawake wenzake wa kijijini kwetu. Usimwambie kwamba nimesema, lakini ataanguka."

Mstari wa kwanza wa orodha ulisema hivi, kwa Kifaransa: Mashindano ya wanawake, majira ya baridi, 1951.

Niliutazama mstari huo kwa heshima. Nilimfikiria Mwalimu Gratien na tairi. Nikamfikiria baba kwenye benchi ya mbele, akiambiwa atazame mwili wa kazi kama ile. Kisha nikaanza kutafsiri, kwa mwandiko mzuri ulionipatia tuzo shuleni, kuanzia mstari wa pili.

Naomba ieleweke kwamba sikuandika uongo hata mmoja. Niliacha tu mstari. Baadaye, kwenye maungamo, tofauti hiyo ilinichukua muda mrefu kuieleza kuliko nilivyotazamia.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mwisho wa filamu, Marta anavua kofia na nywele zinamwagika mpaka mabegani. Nilikuwa nimeona kipande hicho pia. Kufikia hapo Gratien atakuwa amemsifu Petero kwa nusu saa, na baba atakuwa amekubali kwa kichwa mara kumi mbele ya watu. Mtu aliyekubali mara kumi hawezi kukataa ya kumi na moja. Béata sikumwambia kitu. Béata ana tabia ya kusema ukweli ghafla.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, ukumbi wa misheni ulizibwa madirisha kwa mablanketi. Walikuja wauza samaki na ndoo zao, wakaja madereva, walikuja watu wa upande wa Goma waliovuka mpaka kwa ajili ya Gratien tu. Bi Saidati alikuja na kiti chake mwenyewe. Baba aliketi benchi ya mbele, amevaa koti, futi bado shingoni kwa kuwa alisahau kuivua. Béata alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba wake miguuni, maana angeweza kuitwa wakati wowote. Nje mashine ya umeme ilinguruma. Ndani Padri aliinama juu ya mashine ya sinema, sikio zima likiwa upande wa mashine. Gratien akapiga bomba lake kofi moja, na kazi ikaanza.

"Voilà. Tunaona mulima. Mulima iko mweupe."

"Unga?" aliuliza mwanamke mmoja wa samaki.

"Si unga, mama. Ni theluji. Kama ile ya Karisimbi asubuhi ya baridi, lakini huku inafika kwa mulango ya nyumba."

"Wanapikia wapi?"

"Ndani. Donc, tunaona vijana. Vijana kumi na wawili, wenye nguvu, wamefunga mbao kwa miguu. Yule wa namba saba, jina lake Petero."

Ukumbi ukamkaribisha Petero kwa makofi. Namba saba alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, miwani mikubwa, sweta na suruali nyeusi. Kusema kweli angeweza kuwa mtu yeyote. Akasukuma fimbo zake mbili na akaondoka.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuteleza kwenye mteremko wa Nengo juu ya shina la mgomba anaweza kuelewa yaliyofuata. Mimi niliteleza hapo mara nyingi nilipokuwa mdogo, mpaka nilipoambiwa kwamba wasichana hawafanyi hivyo, na baada ya hapo mara chache zaidi. Petero alikwenda kwa kasi kuliko mgomba wowote. Alipinda kushoto, akapinda kulia, theluji ikaruka nyuma yake kama vumbi la lori. Kisha mlima ulikatika, na Petero akaruka. Alikaa hewani, magoti pamoja, muda wa kutosha mwanamke mmoja kumtaja Mama Maria kwa majina yake yote, akatua, akaendelea.

"Mnaona?" alisema Gratien kwenye bomba, akimtazama baba. "Mnaona magoti ya mwanaume? Hiyo ndiyo magoti. Mutu wa namna hii unaweza kumupa baiskeli, haitapotea."

Nilimtazama baba. Hakukubali kwa kichwa. Alikuwa ameinama mbele, amekaza macho, mdomo wazi kidogo. Uso ule niliujua. Ni uso anaoutoa pale mteja anapoingia na nguo iliyoshonwa na fundi mwingine.

Petero akaanguka. Alianguka vizuri, kwa mzunguko, mbao moja ikaenda zake peke yake. Ukumbi uliguna. Petero akakaa, akajipangusa, akainuka, akaifuata ile mbao huku anachechemea, na alipogeuka kuifunga, ubavu wake wa kushoto ulijaa shuka lote.

Baba akasimama.

"Huyu ni mwanamke," alisema.

Gratien alishusha bomba. "Kaa, Fundi. Unafunika watu."

"Mwalimu, huyu ni mwanamke."

"Fundi, huyu ni Petero."

"Suruali inafungwa ubavuni," alisema baba. "Vifungo iko ubavuni, kushoto. Mbele hakuna kitu, kitambaa kimelala. Miaka ishirini nashona suruali, sijaona mwanaume anafungulia ubavuni. Angefanyaje?"

Madereva walilipokea swali hilo kwa furaha na wakaanza kulijibu. Bi Saidati aliwaambia wanyamaze, kuna watoto.

"Tena kiuno kimekatwa ndani," baba aliendelea, bila kusikia mtu, "na nyonga zimeachiwa nafasi. Ni kazi ya fundi, hii. Padri. Padri, rudisha."

Padri Anselmi hakusikia kilichosemwa ila neno la mwisho, na akiombwa kurudia filamu ya dada yake hakuhitaji kuombwa mara mbili. Akageuza kishikio. Na mbele ya macho yetu Petero alilala chini, akazunguka, akatupwa juu na theluji yenyewe, akasimama, akaanza kupanda mlima kinyumenyume kwa kasi ileile, bila kutazama anakokwenda.

Watu mia mbili waligeuka kumtazama Gratien, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake.

Sitamcheka. Alikuwa peke yake gizani na bomba la bati, na kinywa chake kilikuwa hakijawahi kumwangusha.

"Sasa," alisema polepole, "Petero anarudi juu. Iko kitu amesahau."

Walicheka mpaka mablanketi mawili yakaanguka madirishani. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amekwisha fika kwenye shuka. Petero akashuka tena, akaanguka tena, akatugeuzia ubavu, na baba akafungua futi yake na kuipima suruali juu ya kitambaa, kivuli chake kikimfunika Petero mpaka shingoni.

"Simamisha hapo, Padri."

"Nikisimamisha itaungua," alisema Padri, ambaye sasa alikuwa amesogea akajua kuna jambo.

"Basi rudisha."

Tulimtazama yule mwanamke akianguka na kuinuka mara sita. Ya tatu, watu walianza kumhesabia wote pamoja. Ya nne, baba aliona kwamba miguu ya suruali ina mkanda unaopita chini ya unyayo, ili kitambaa kisipande. Alitoa sauti ndogo kooni, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. Ya sita, Padri aliiacha filamu iendelee mpaka mwisho, namba saba akafika chini wa mwisho kabisa, akavua kofia, nywele zikamwagika. Hakuna aliyeshangaa. Mpango wangu wote ulifika umechelewa, kama yeye.

"Mwanamke," alisema Gratien bila bomba.

"Naam, dada yangu Marta," alisema Padri kwa fahari. "Nani alisema kitu kingine?"

Gratien akatoa karatasi yangu mfukoni. Padri akatoa ya kwake. Wakaziweka pamoja chini ya taa ya mashine, vichwa viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, nami niliona ni wakati mzuri wa kukumbuka kazi niliyokuwa nayo nyumbani.

"Xavérine," alisema Padri. "Mstari wa kwanza uko wapi?"

Nilisema kwamba pengine kalamu ilikauka. Nilijua, hata nilipokuwa nikisema, kwamba kalamu haikauki kabla ya kuanza. Gratien alinitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera. Alinitazama kama mtu aliyekuwa na mwanafunzi mzuri.

Ndipo Béata akasema, kutoka mlangoni.

"Padri, huyo Marta alikuwa anakwenda wapi?"

"Kwenda wapi?"

"Huko chini. Kulikuwa na mgonjwa?"

Padri alifikiri. "Hapana, binti yangu. Hakuna kitu chini. Anashuka, kisha anapanda, kisha anashuka. Anapenda."

Wanawake wa samaki wakatazamana. Mtu kushuka mlima bila ndoo kichwani, bila kuitwa, na kwa kupenda.

"Na baba yake hakumkataza?"

"Baba yetu ndiye aliyeshika kamera."

Béata akamtazama baba juu ya vichwa vyote. Hakupandisha sauti.

"Yeye hakuwa na sababu, Baba. Mimi ninayo."

Baba alikuwa akiikunja futi yake kwenye vidole. Nilimjua baba yangu kwa miaka kumi na mitano, na siku ile niligundua kwamba nilikuwa simjui vizuri, jambo ambalo kwa mwanafunzi wa bweni ni aibu.

"Sikukataza baiskeli," alisema. "Nilikataza sketi. We unafikiri mi sijui kazi yako? Mwezi wa saba niliona miguu yako. Lakini mi ni fundi. Binti yangu atapita sokoni, upepo wa ziwa uinue sketi, watu waseme, ndiyo hiyo nguo Habiyaremye ameshona. Au iingie kwenye mnyororo, ikuangushe, ufe na nguo yangu mwilini. Sikuwa na nguo ya kukuvisha. Ningesema nini? Nilisema hapana."

"Ungesema hivyo hivyo," alisema Béata.

"Fundi hasemi kwamba kuna nguo hajui kushona."

Bi Saidati akainuka na kukunja kiti chake. "Nina kaki nzito, imefika juzi, haipenywi na upepo wala jicho. Fundi, twende. Hawa watu wana sinema, sisi tuna kazi."

"Leo ni Jumapili," alisema baba, akimgeukia Padri.

Padri Anselmi alisema kuzaliwa kwa watoto nako hakungoji Jumatatu, na akaruhusu cherehani moja, kwa siku moja, bila kuimba.

Béata ana urefu wangu, lakini aliitwa dispensari, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama juu ya meza barazani jioni yote nikichomwa pini. Baba alisema hizo pini ni za mstari wa kwanza. Alikata kaki mara mbili akaharibu, akakata mara ya tatu. Kilichotoka kilikuwa suruali iliyotulia: pana, yenye marinda, ukisimama ni sketi ya heshima, ukinyanyua mguu ni miguu miwili. Vifungo vilikuwa ubavuni, kushoto. Na chini kulikuwa na mikanda miwili ya kupita unyayoni.

"Baba, mikanda ni ya theluji," nilimwambia.

"Umeona wapi kwamba ni ya theluji?"

"Baiskeli haihitaji mikanda."

"Mwenzake Marta ameruka mlima na mikanda hiyo," alisema baba. "We kaa kimya, usije ukaacha mstari mwingine."

Jumatatu asubuhi watu walijaa kando ya barabara ya ziwani, maana ni tambarare. Béata alitokea amevaa kaki. Hakuna aliyecheka, walikuwa wamekuja kucheka, lakini nguo ilikaa vizuri mno. Wanawake wawili walimuuliza Bi Saidati kama kitambaa kimebaki.

Kikabaki kikwazo kimoja. Béata hakujua kuendesha baiskeli, na katika watu wote waliokuwa na muda asubuhi ile, aliyejua vizuri kuliko wote alikuwa Mwalimu Gratien.

Alikuwa amesimama chini ya mti wa msonobari, mikono nyuma. Padri hakumwomba. Baba hakumwomba. Béata alisukuma baiskeli mpaka mbele yake.

"Mwalimu, nishikie kiti."

Gratien aliitazama tairi ya mbele. "Imepungua upepo," alisema. "Juzi nilikuwa nataka kuijaza." Akachukua pampu, akaijaza mwenyewe, akakaza nati ya usukani. Kisha akashika kiti kwa nyuma.

"Panda. Tazama mbele, usitazame tairi. Tairi haijui njia."

Wakaenda. Alikimbia nyuma yake na kanzu yake nyeupe, akihema, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kueleza aliendelea kueleza. "Donc, anakanyaga. Anakanyaga tena. Anakwenda. Sasa kushoto. Nimesema kushoto, Petero."

Béata akaanguka kwenye nyasi za hoteli iliyokuwa kando ya barabara. Alijipangusa. Aliinuka. Watu wa barabara nzima, bila kuambiwa, wakahesabu: "Moja."

Alianguka mara sita, sawa na Marta. Ya saba Gratien aliachia kiti bila kumwambia, akasimama katikati ya barabara mikono ikiwa bado mbele, kama bado anashika. Dada yangu alikwenda mpaka mwisho wa miti, akageuka kwa mduara mkubwa wa kutisha, akarudi. Alipofika karibu yetu uso wake ulikuwa umelowa, nikadhani ameumia. Hakuwa ameumia.

Baada ya siku ile mji mzima ulimwita Petero. Alichukia kwa wiki moja, kisha akaitika.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, siku chache kabla sijarudi bweni, mtu alikuja mbio kutoka Rugerero. Alikuwa mume wa Nyirasafari, jirani wa Mukarugwiza, na hakuweza hata kusalimu. Béata aliuliza maswali mawili, akafunga mkoba nyuma ya kiti na akaondoka. Yule mume alibaki akihema barazani kwa Bi Saidati, baba akampa maji, wakakaa. Niliona baba hapimi wala hakati. Alikuwa amefumba macho, na mguu wake chini ya meza ulikanyaga cherehani isiyokuwa na uzi, taratibu kwanza, kisha haraka, mpaka kwenye kilima ambacho mimi sikukiona.

Béata alirudi jioni, akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja. Aliketi uani. Hakuosha miguu. Aliomba chakula, akala, akaomba tena.

"Mtoto alikuwa amekaa vibaya," alisema akiwa na ugali mdomoni. "Miguu mbele. Ningechelewa kidogo tu."

"Na sasa?" aliuliza baba.

"Sasa analia. Wote wawili wanalia. Wa kike."

Jina lilileta shida. Nyirasafari alitaka mtoto aitwe Petero na hakutaka kusikia kwamba ni la kiume. Alisema anamjua Petero mwenyewe, amemshika mkono. Mwishowe Padri Anselmi aliandika Petronila kwenye kitabu cha ubatizo na kila mtu akajifanya ni kitu kilekile. Baba yake wa ubatizo alikuwa Mwalimu Gratien. Alikwenda Rugerero kwa miguu, viatu mkononi ili visichakae, na Béata akampita njiani, akashuka, wakaongozana wakiisukuma baiskeli katikati yao.

Mimi nilirudi bweni na adhabu yangu ndani ya sanduku: suruali kumi na moja za kaki, kazi ya wateja wapya wa baba, nizipige pindo kabla ya Noeli. Kila moja ina mikanda miwili ya kupita unyayoni. Nimejaribu mara tatu kumwandikia kwamba haina kazi. Anajibu kwamba nishone.